Mteja Ndiye Anayekata

Bibi aliteleza jikoni mchana kweupe, kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe, na wakati huo mkwewe alikuwa chumba cha pili akimfundisha mwanamume asiyemjua namna ya kuzima king'amuzi na kukiwasha tena.

"Chomoa waya wa nyuma, kaka yangu."

"Nimeshachomoa! Dada, mpira unaanza. Wachezaji wanapeana mikono, mimi naangalia giza!"

"Usijali. Subiri kidogo, kisha urudishe waya. Taa ikigeuka kijani uniambie."

Mtaani walimwita Mama Simu. Kampuni ya ving'amuzi ilikuwa imewatoa ofisini yeye na wenzake, ikampa kila mmoja kompyuta na hedifoni, ikawaambia kazi ni ile ile, kilichohama ni kiti tu. Kiti kikahamia chumba ambacho mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishonea. Cherehani ina kelele na wateja hawataki kelele, basi Fundi akabeba mashine yake akaenda kuomba nafasi kwenye baraza la duka la vitambaa, akawa mtu wa kufukuzwa na mvua. Kwenye komeo la mlango wa chumba pakatundikwa kitambaa chekundu. Kikining'inia, hakuna kuita, hakuna kugonga, hakuna kukohoa karibu na mlango.

Bibi, mama yake Fundi, ndiye peke yake ambaye kitambaa hakikumtia hofu. Alikuwa mtu wa kufa mara kwa mara. Kiberiti kikipotea, anakufa. Mende akipita, anakufa. Kwa hiyo sauti ilipotoka jikoni, "Mkwe wangu! Njoo, nakufa huku!", Mama Simu aliisikia vizuri sana, akafumba macho kwa hasira, akasogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.

Sauti ikaja tena. Safari hii haikuwa na maneno.

Kwenye skrini pakatokea ujumbe. Ulitoka kwa msimamizi wa zamu, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Tabasamu, maana wimbo wake asubuhi na jioni ulikuwa huo mmoja: tabasamu, mteja anasikia tabasamu hata kama hakuoni. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye simu za watu kimya kimya na kusikiliza. Aliandika: "Kelele hiyo ni ya nani? Malizana na mteja."

Sheria ilibandikwa juu ya kompyuta ya kila mtu: mteja ndiye anayekata. Kitufe cha kukata kilikuwapo, kidogo, chekundu, pembeni mwa skrini. Lakini ukikibonyeza mteja bado anaongea, mazungumzo yako yanajipeleka yenyewe makao makuu, na waliowahi kukibonyeza hawakukaa sana. Mama Simu alikiangalia. Mkono ukaondoka mezani, ukarudi mezani.

"Imegeuka kijani!" yule mwanamume akapiga kelele. "Dada, Mungu akupe unachotaka!" Akakata.

Mama Simu alikuwa ameshainuka nusu. Skrini ikaandika tena: "Foleni ndefu. Chukua mwingine."

Akakaa. Akachukua mwingine. Alikuwa mama mmoja aliyepotelewa na chaneli ya tamthilia, na alitaka kwanza asimulie tamthilia yenyewe, ili ieleweke hasara aliyoipata. Mama Simu alimsikiliza, akatabasamu, akamrudishia chaneli yake. Kilichomtoa kitini mwishowe hakikuwa kelele. Jikoni palikuwa pamenyamaza, na Bibi hakuwa mtu wa kunyamaza. Akabonyeza kitufe cha choo, ambacho ndicho pekee kilichoruhusu mtu kuondoka, akatoka.

Bibi alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kabati, mguu umekaa vibaya, kama si wake. Kwenye jiko sufuria ilikuwa inaungua. Uso ulimlowa jasho. Alimtazama mkwewe kutoka chini kwenda juu, taratibu.

"Umemaliza kuongea?" akauliza.

* * *

Walimrudisha kutoka hospitali akiwa na plasta hadi pajani na amri ya kutokanyaga chini. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, mbali na choo, kwa hiyo kitanda kikahamishiwa kile chumba cha kazi, kilichopakana na bafu. Sasa kampuni, mgonjwa na pasi ya Fundi iliyobaki mle vilikaa mahali pamoja.

Fundi aliuliza jioni ile ile, akiwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Sasa?"

Mama Simu alikuwa anakunja shuka. Alilikunja, akalifungua, akalikunja upya.

"Simu zetu hazikatiki," akasema. "Upande wetu hazikatiki. Hadi mteja akate mwenyewe. Hata nyumba iungue."

"Hazikatiki kabisa?"

"Ndivyo walivyozitengeneza."

Fundi alimwangalia, akaangalia kompyuta. Yeye alizijua mashine zenye pedeli. Hizi nyingine aliziheshimu kama mtu anavyoheshimu mbwa wa jirani. Akakubali. Kitandani Bibi alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Kumbe umefungwa, mwanangu," akasema Bibi. "Mimi nikadhani umenipuuza."

Maneno yale yalimchoma Mama Simu kuliko tusi. Kuanzia siku ile alimwogesha kwa maji ya moto ya kutosha, akamkata kucha, akamwinua na kumlaza kabla hajaombwa. Fundi asingeweza kumwogesha mama yake, na mtu wa kumlipa hawakuwa naye. Bibi alikaa kimya zamu nzima bila kukohoa, akinyoosha kidole tu alipotaka kitu, na watu waliopiga simu kampuni ya ving'amuzi hawakujua kwamba sauti ile laini inayowaita kaka na dada ilikuwa huku imeshika beseni.

* * *

Kila wiki palikuwa na mkutano kwenye kompyuta, wafanyakazi wote, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Wiki ile sikio la Mama Simu lilikuwa limevimba kwa hedifoni, basi akazivua akawasha spika. Bwana Tabasamu alionekana katikati, shati limepigwa pasi, nyuma yake pazia jeupe na ua la plastiki.

"Wapendwa, nyumbani si gengeni," alianza. "Tumeaminiwa kufanya kazi nyumbani. Sasa wengine wametuletea nyumba kwenye kazi. Leo nataka tusikilize mfano. Sitamtaja mtu."

Akabonyeza kitu. Chumba kizima kikajaa sauti. Kwanza ya Mama Simu, laini kama asali: "Subiri kidogo, kisha urudishe waya." Halafu nyuma yake, mbali, yowe. Bwana Tabasamu akasimamisha, akarudisha nyuma, akaweka tena. Yowe. "Hapo," akasema. "Mmeisikia? Mteja anajiuliza, nimepiga simu kampuni au nimepiga simu machinjioni?"

Pembeni mwa skrini vikaanza kupanda vile vikatuni vya kucheka machozi, kimoja, vitatu, vikawa msururu.

Kitandani Bibi aliinua kichwa.

"Huyo ni mimi," akasema.

Mama Simu alirukia kitufe cha kuzima kipaza sauti chake. Bwana Tabasamu aliendelea. Kuanzia Jumatatu ya wiki baada ya ijayo, watu watagawanywa. Wenye nyumba tulivu watakaa nyumbani siku tatu, ofisini mbili. Wenye nyumba za kelele watarudi ofisini kila siku. Atakayeshindwa, aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe, kwa hiari. Yeye ndiye atakayeamua nani ni nani, na ataamua Ijumaa ya wiki ijayo, mwisho wa zamu.

"Msinichukie," akamalizia, ameweka mkono kifuani. "Sheria haina rafiki. Hata mimi, siku nikimkatia mteja simu, nifukuzwe siku hiyo hiyo. Nimewaambia makao makuu wenyewe, mniwekee na mimi mtego kama wengine. Tabasamu, wapendwa."

Vidirisha vikazimika kimoja kimoja. Mama Simu alibaki anaangalia skrini nyeusi, akiiona sura yake humo. Akili yake ilikuwa inakwenda mbio kwenye njia moja na kugonga ukuta ule ule: akienda ofisini, nani atamwinua Bibi? Akiacha kazi, nani atalipa kodi ya nyumba? Baraza la duka la vitambaa?

"Walikuwa wanacheka?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama."

"Usinidanganye, macho ninayo. Vile vya njano vilikuwa vinacheka." Bibi alikaa, akajivuta kwa viwiko mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Sikiliza, mkwe wangu. Mtu kunisikia nalia asije, ni moja. Ataulizwa huko mbele. Lakini huyu ameichukua sauti yangu akaiweka kwenye sahani, akawapakulia watu. Mara ya pili akaongeza. Unasema simu hazikatiki upande wenu?"

"Hazi... hazikatiki."

"Hata yake?"

"Hata yake."

"Na hiki king'amuzi chetu kimeandikishwa kwa jina la nani?"

"Lako, mama."

"Basi mimi ni mteja," akasema Bibi, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akaomba chakula.

* * *

Ingekuwa rahisi kusema Mama Simu alikataa akashurutishwa. Hakukataa. Hata ule ujumbe wa kelele ni ya nani, malizana na mteja, alimsimulia Bibi. Alikaa na lile wazo akiwa anafua, akalianika pamoja na nguo. Bibi alitaka kumshika mtu yule kwenye simu mpaka ajue maana ya kufungwa. Mama Simu alitaka kingine. Yeye alijua kitufe kipo. Alitaka Bwana Tabasamu akibonyeze. Abanwe, achomwe, achoke, akibonyeze kwa kidole chake mwenyewe, na ule mtego aliouomba umnase mguu kabla hajagawa watu. Akianguka yeye, uamuzi ungekwenda kwa msimamizi mwingine, Dada wa Jioni, mwanamke aliyewahi kufanya zamu nzima ana mtoto mgongoni.

Tatizo lilikuwa dogo kama punje na lilimkaa kooni: siku Bwana Tabasamu akikata, Bibi atajua kwamba hukatika. Mama Simu aliligeuza jambo hilo huku na huku, akajiambia ataliona likifika. Chuki ilikuwa imemnogea.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, na asubuhi ya Ijumaa msimamizi huwa mmoja tu. Fundi hakwenda barazani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika simu ya Bibi, spika imewashwa, kama anayeshika kifaranga.

"Salio lipo?" akanong'ona.

"Namba ya wateja ni ya bure," Mama Simu akasema.

"Ya bure kabisa?" Fundi akatikisa kichwa. "Halafu wanashangaa watu wakiwapigia."

Kijana aliyepokea alimkaribisha Bibi vizuri. Bibi akamwambia hana neno na yeye, anataka mkubwa wake. Kijana akauliza tatizo. Bibi akasema tatizo lake ni la wakubwa. Mteja akiomba msimamizi anapewa, hiyo nayo ilikuwa sheria, na juu ya msimamizi hapakuwa na mtu wa kumpasia. Muziki ukapiga, ukakoma.

"Habari za asubuhi, mama! Unaongea na msimamizi wa zamu. Nikusaidie nini?"

"Nzuri, mwanangu. Unatabasamu?"

"Natabasamu, mama."

"Maana nimeambiwa husikika. Sijaisikia bado. Ongeza."

Fundi alijiziba mdomo kwa mkono wa shati.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Picha ina mvua. Watu wote wanaotokea wameloa."

"Pole sana. Tutakitengeneza sasa hivi. Naomba uchomoe waya wa nyuma ya king'amuzi."

"Sawa. Ila mimi nimevunjika mguu, mwanangu, natembea kwa makalio. Utanisubiri nifike?"

"Nitakusubiri, mama. Hakuna haraka."

Bibi aliegemea mto, akavuta bakuli la karanga, akaanza kumenya moja moja. Alitafuna bila haraka.

"Umefika, mama?"

"Niko mlangoni."

Karanga.

"Mama? Umefika?"

"Nimefika. Nimesahau nilichofuata."

"Waya, mama. Wa nyuma."

"Ehee, waya. Ngoja basi nimpishe paka."

* * *

Hayo Bwana Tabasamu aliyasikia akiwa mezani kwake, mbele ya pazia jeupe na ua la plastiki. Upande wa pili wa pazia palikuwa na nyumba kama zote: vyombo vya jana, baiskeli ya magurudumu matatu, nguo za kuanika juu ya kochi. Mkewe naye alikuwa mtu wa ofisini siku kadhaa, nyumbani siku kadhaa, na Ijumaa ilikuwa siku yake ya kwenda. Hivyo ndivyo walivyogawana malezi ya binti yao, zamu kwa zamu, na kazini hapakuwa na anayejua. Kwenye fomu ya makao makuu aliyojaza, penye swali la nani mwingine yupo nyumbani saa za kazi, Bwana Tabasamu aliandika hakuna.

Mtoto alikuwa amewekewa katuni sebuleni. Katuni zikaisha.

"Baba, nataka biskuti."

Akamwonyesha kidole mdomoni. Mtoto akaondoka. Kabati la biskuti lilikuwa refu, lakini baiskeli ilikuwapo, na kiti kilikuwapo.

"Hapo kuna mtoto?" simu ikauliza.

"Hapana, mama. Ni kwa jirani."

"Mtoto wa jirani ndiye anakuita baba?"

"Anamwita baba yake, mama. Kuta za huku nyembamba."

"Ah. Poleni. Mimi nikadhani ni wako." Mkononi mwa Bibi mlikuwa na karanga ambayo hakuimenya. "Mwanangu, unanijua sauti yangu?"

"Hapana, mama. Tumewahi kuongea?"

"Wewe umeisikia sana. Umewawekea watu waisikie, ukairudisha nyuma, ukaiweka tena. Mimi ndiye ile kelele."

"Mama..." akaanza Bwana Tabasamu.

"Mimi ndiye machinjio," Bibi akaendelea, taratibu, sauti ile ile aliyoombea msaada wa picha. "Mfupa ulikuwa umetoka mahali pake nikaita, wewe ukasikia, ukaandika nani huyo. Leo nimepiga mwenyewe nikujibu. Ni mimi. Mama wa watu. Na sina mpango wa kukata. Nina karanga, nina maji, nimelala. Tutaongea mpaka jioni, mpaka zamu yako iishe, na hiyo kazi yako ya kugawa watu tuone utaigawa saa ngapi."

"Mama, naomba... mama, kwanza niruhusu nieleze..."

"Eleza. Si nakusikiliza?"

Ndipo kiti kilipoangukia upande wa pili wa pazia, na kabati likafuata kwa mlango wake mmoja, na vyombo, na kimya cha kuvuta pumzi ambacho kila mzazi anakijua, halafu yowe.

Lilipita kwenye simu likajaa chumba cha Bibi. Fundi alisimama. Mama Simu alishika kitasa cha dirisha.

"Kelele hiyo ni ya nani?" Bibi akauliza. "Malizana na mteja, mwanangu."

Kama Bwana Tabasamu angeulizwa baadaye alifikiri nini, asingeweza kusema, kwa sababu hakufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe. Kabla yowe la pili halijafika mwisho, simu ilikuwa imekatika na yeye ameshavuka pazia, amelivuta lote likaanguka nyuma yake.

Mtoto alipasuka mdomo, akang'oka jino moja la mbele. Alishonwa siku hiyo hiyo. Alipona.

* * *

"Amekata!"

Mama Simu aliruka. Aliruka kweli, kama msichana, akapiga makofi juu ya kichwa. "Mmesikia? Amekata! Kwa mkono wake! Sasa hivi imeshafika makao makuu, haina kurudi, haina kubembeleza! Mwenyewe aliomba awekewe mtego! Tabasamu basi! Tabasamu!"

Fundi alicheka akamkumbatia, akamzungusha, tepu ikawazonga wote wawili. "Mke wangu, mbona una roho mbaya hivi? Nimeoa nani mimi?"

"Nionyeshe meno, bosi!" Mama Simu akaiambia simu iliyokwisha kufa. "Hatuoni tabasamu!"

Walicheka mpaka wakagundua wanacheka wawili.

Bibi alikuwa bado ameshika karanga ile ile. Alikuwa anaangalia skrini ya simu ambako namba ya kampuni ilikuwa inafifia.

"Amekata na nini?" akauliza.

Mama Simu alijitoa mikononi mwa mumewe.

"Mkwe wangu. Nakuuliza. Amekata na nini?"

"Kuna... kipo kitufe, mama."

"Kipo kwake tu?"

Fundi alimwangalia mkewe, akamwangalia mama yake. Kicheko kilikuwa bado kimemganda usoni, hakijui pa kwenda.

"Kumbe inakatika," akasema Bibi.

"Mama, ningekibonyeza ningefukuzwa. Siku ile ile. Tungekula nini? Nani angelipa—"

"Sikuulizi habari za kula. Yule mtoto amelia mara ngapi? Moja na nusu." Bibi aliiweka karanga kwenye bakuli, pole pole. "Mimi nililia nikamaliza sauti. Niambie yote. Kuna kingine?"

Mama Simu angeweza kukataa. Pengine uchovu ndio uliomshinda, au namna Bibi alivyokuwa amekaa, mguu mweupe mbele yake kama wa mtu mwingine.

"Yule mwanamume alikata mwenyewe," akasema. "Nikainuka. Bwana Tabasamu akaniandikia, chukua mwingine."

"Ukachukua."

"Nikachukua."

"Nani?"

"Mama mmoja. Chaneli ya tamthilia."

Bibi alitikisa kichwa kukubali, kama aliyeelekezwa njia na mpita barabara. Fundi akatoka nje. Walimsikia akisogeza kitu uani, halafu akikirudisha kilipokuwa.

Mchana ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama Simu. Bwana Tabasamu ameondolewa. Dada wa Jioni ndiye msimamizi sasa, na ameandika: mwenzangu, kaa nyumbani mpaka mgonjwa wako apone, haya mambo ya kugawa watu tutayaangalia upya. Mama Simu alisoma kwa sauti. Fundi, aliyekuwa amerudi, akasema vizuri. Bibi akasema anataka kugeuzwa upande wa ukutani.

* * *

Jumatatu Mama Simu alimwogesha mapema, akambadilishia shuka, akaweka karibu naye kila alichoweza kukihitaji: bakuli, kitambaa, dawa, bilauri ya maji imejaa hadi juu. Bibi aliruhusu yote afanyiwe. Alikuwa mpole. Tangu Ijumaa hakuwa ametamka neno baya hata moja, na Fundi alikuwa ameanza kutumaini.

Mama Simu alitundika kitambaa chekundu nje ya mlango, akakaa, akavaa hedifoni. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja, mpole pia, ambaye king'amuzi chake kiliganda kwenye picha ya mtu aliyefungua mdomo.

"Usijali, baba yangu. Tutakitengeneza. Kwanza chomoa waya wa—"

"Mkwe wangu," akaita Bibi kutoka kitandani.

Mama Simu akageuka.

"Niletee maji."

Bilauri ilikuwa sentimita chache kutoka mkono wa Bibi. Jua la dirishani lilikuwa limeingia ndani yake. Mama Simu alimwonyesha kwa macho, hayo hapo. Bibi hakuyaangalia maji. Alikuwa anaangalia pembeni mwa skrini, kale kakitufe kekundu, na alikuwa ameshakajua kalipo.

"Haloo?" mzee akauliza. "Binti, upo? Waya gani?"

"Mkwe wangu. Nakufa huku."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Mlangoni Fundi alikuwa amesimama, begi la mikasi begani, tayari kwenda barazani, hakwenda.

"Haloo? Binti?"

Mama Simu alimwangalia mumewe, na mumewe akaangalia chini. Akaangalia maji, na maji yalikuwa pale pale. Mkono ukaondoka mezani. Safari hii haukurudi.

Akabonyeza.

Sauti ya mzee ikatoweka katikati ya neno. Juu ya skrini taa ikageuka nyekundu, na mazungumzo yakaanza safari yake ya makao makuu. Mama Simu alivua hedifoni, akainuka, akaichukua bilauri, akaishika kwa mikono miwili, akampelekea Bibi midomoni.

Bibi alilowesha midomo tu, akasukuma bilauri pembeni.

"Haya," akasema. "Kaa. Chukua mwingine."